Majina Tuliyomwita Mtoto Asiyelala

Kama unasoma haya umesimama, mtoto yuko begani, mkono mmoja unampapasa mgongo na mwingine umeshika karatasi pembeni ili mwanga wa taa usimfikie machoni, basi ni wewe ninayekuandikia. Usiketi kwa ajili yangu. Najua ukiketi ataamka.

Naitwa Boke. Mwanangu anaitwa Otieno, na jina lake la pili nitalieleza nikifika huko. Sasa analala. Analala katikati ya kitanda, mikono ameitandaza kama mwenye nyumba, na sisi wazazi wake tunajibana pembeni kama wageni waliochelewa kufika. Nilisubiri nilizoee jambo hili kwanza ndipo niandike, kwa maana mimi ni mtu wa wasiwasi, na niliogopa kwamba nikiandika mapema usingizi utanisikia uondoke.

Ni miaka hii ya tisini. Tulikuwa tumepanga Suna, pale mjini Migori, kwenye ploti ya vyumba vilivyoshikana, ukuta mmoja watu wawili. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilikuwa nikingoja kazi ya kufundisha. Katika kungoja huko nikaolewa, nikazaa. Mume wangu, Baba Otieno, alikuwa akizunguka kwa pikipiki kuwatembelea wakulima wa tumbaku kwa niaba ya kampuni. Yeye ni Mjaluo wa upande wa Homa Bay, kando ya ziwa. Mimi ni Mkuria. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokutana nacho, na mtoto aliokota maneno kutoka pande zote tatu. Au ndivyo nilivyofikiri. Alikuwa ametimiza mwaka na kidogo, anatembea, na alikuwa na maneno machache sana.

Kuamka kulianza wakati miche ya tumbaku inatolewa kitaluni kupelekwa shambani. Nakumbuka kwa sababu Baba Otieno alikuwa akirudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mtoto alipata mafua, homa ikampanda, tukampeleka zahanati, tukapewa dawa ya malaria, ile chungu ambayo mtoto akipewa anakutazama kama umemsaliti. Homa ikashuka. Usingizi haukurudi.

Alilala kidogo, kisha akashtuka na kulia kilio ambacho sikukijua. Cha njaa nilikijua, cha nepi nilikijua, hata cha hasira. Hiki kilikuwa cha mtu aliyeitwa kutoka mbali asijue njia ya kwenda. Nikimbeba, ananyamaza. Nikimfunga mgongoni kwa leso, analala papo hapo, shavu lake kwenye uti wangu. Nikimlaza, analia. Nikambeba tena. Hivyo ndivyo tulivyopita kipindi nilichokiita moyoni kipindi cha dawa chungu, maana kila homa iliporudi tulirudi zahanati, na kila tuliporudi tulipewa ileile.

Baadaye kikaja kipindi cha dawa ya minyoo. Kisha kipindi changu mwenyewe, cha kufikiri. Nilifikiri ni maharagwe. Nikaacha maharagwe. Nilifikiri ni kivuli cha koti la baba yake ukutani, nikalihamisha koti. Nilifikiri ni maziwa yangu kwamba yana wasiwasi ndani yake, na nilipofikiri hivyo maziwa yakaanza kupungua kweli, nikapata sababu nyingine ya kufikiri. Nilikuwa na kitabu cha malezi kutoka ng'ambo nilichoachiwa na rafiki wa chuoni. Kilisema mtoto wa umri ule awekwe kwenye chumba chake, mlango ufungwe, aachwe alie hadi ajifunze kulala. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na pazia. Nikamweka Otieno upande wa pili wa pazia, nikakaa nimeziba mdomo kwa mkono.

Haikuchukua muda, ukuta ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, Mama Akinyi, aliyeuza nyanya sokoni.

"Mama Otieno! Huyo mtoto mmemkalia?"

"Hapana, Mama Akinyi. Tunamfundisha kulala."

"Kulala kunafundishwa? Basi mwalimu ameshindwa na darasa! Mbebe, tafadhali. Mimi kesho naamka na nyanya."

Nikambeba. Asubuhi Mama Akinyi alikuja na kikombe cha uji, akamtazama Otieno aliyekuwa akisinzia mgongoni mwangu. "Nyinyi wenyewe mlimpa jina la mtu aliyezaliwa usiku," akasema. "Sasa yuko kazini. Mnalalamika nini?" Nilicheka mpaka nikagundua kwamba nalia. Akaninyang'anya kikombe, akaketi kando yangu kwenye ngazi, akachelewa sokoni.

Nataka kukuambia jinsi mwili unavyokuwa, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Nywele zangu zilianza kutoka kwenye kitana. Nilisikia mtoto akilia ndani ya maji ya bomba, ndani ya redio ya jirani, ndani ya mafuta yanayochemka, na nikikimbia namkuta ametulia, ananitazama. Mchana ulikuwa laini, hauna kingo. Nilipita sokoni Migori na watu wakawa kama wanatembea chini ya maji; midomo yao inafunguka, mikungu ya ndizi inaelea begani kwao, na nikafikiri, bila hofu yoyote, kwamba huenda nimelala na hii ndiyo ndoto. Siku moja niliwaona korongo weupe wakitembea nyuma ya ng'ombe kwenye uwanja, polepole, na nikasimama kuwangoja wapite kama unavyongoja maandamano. Hawakupita. Mtu akanigusa kiwiko: "Mama, uko sawa?" Nikasema niko sawa. Mtoto alikuwa mgongoni, analala usingizi wote ambao sikuupata.

Naye alibadilika. Mashavu yalishuka. Macho yalikuwa mazito kama ya mzee. Alianza kutembea kwa kuegemea upande, akigonga fremu ya mlango, na sisi tukacheka tukasema atakuwa mchezaji wa mpira mwenye chenga. Alikataa kutafuna nyama. Nilipomwita kutoka jikoni hakuja, na nikasema amekuwa mkaidi kama watu wa kwetu.

Kisha Baba Otieno akasinzia kwenye pikipiki. Hakuumia, iliacha barabara taratibu ikaingia kwenye shamba la mahindi la mkulima wake mwenyewe, na mahindi yakampokea. Alirudi nyumbani na majani shingoni. Nilitaka kucheka na sikuweza, na yeye pia.

"Boke," akasema, "mtoto akiamka mara moja, wewe unaamka mara tatu. Hata akilala unaamka kuangalia kama amelala. Mimi nitakufa barabarani, na wewe utakuwa unamsomea mtoto kitabu."

"Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakasirika."

Tulikaa siku kadhaa tukizungumza kupitia kwa mtoto. Mwambie baba yako maji yako tayari. Mwambie mama yako nimesikia. Mtoto hakumwambia mtu yeyote kitu chochote.

Ndipo mama mkwe wangu alipotuma habari kwa mtu aliyekuwa akija Migori: mleteni mtoto, nimesikia analia, najua kinachomliza. Mama mkwe huyu, kwa ajili ya mtoto, sote tulimwita Dani, yaani bibi.

Kwa Wajaluo, mtoto akilia bila sababu inayoonekana, huenda ndugu aliyekufa anamtaka, anataka jina lake likae kwa huyo mtoto. Basi jamaa humwita mtoto majina ya wafu wema wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina analonyamazia ndilo lake. Mama yangu mzazi aliposikia tunakwenda kwa kazi hiyo, alinuna. "Kama anaitwa, anaitwa na Mwita, baba yangu," akasema. "Hao Wajaluo wasijifanye wao tu ndio wana wafu." Sikuwa na pa kusimama. Nusu yangu ilisema haya mambo nimeyasoma darasani. Nusu nyingine ilikuwa imechoka, na aliyechoka anaamini chochote kinachoahidi usingizi. Tulikwenda wakati majani ya kwanza ya tumbaku yanavunwa. Baba Otieno aliomba ruhusa kazini.

Nyumba ya Dani iko kwenye mteremko unaotazama ziwa. Tulifika wakati wa joto, maji yamekuwa meupe, na kisiwa cha Mfangano kilikuwa kimeinuka kidogo juu ya maji, hakigusi kitu. Takawiri, kisiwa kidogo cha jirani, ilionekana na kupotea. Nilimuuliza Dani kama kisiwa huwa vile kila siku. "Ni jua tu linacheza," akasema. "Njoo ule." Alinitazama vizuri. "Au ulale kwanza. Nyathina, mtoto wangu, wewe ndiye mgonjwa, si huyu."

Baada ya chakula alitandika mkeka kivulini, upande wa nyumba wenye upepo. Otieno alikuwa na usingizi. Tulimlaza, akaanza kulia, kama tulivyojua. Dani akamchukua, akamweka kwenye bega lake la kushoto, akaanza kutembea naye polepole kando ya ukuta. Majina ya wafu hayaitwi kwa kelele. Aliyanong'ona karibu na sikio la mtoto, na kati ya jina na jina alinyamaza kuwapa nafasi.

"Rading... Ni wewe, Rading?"

Otieno alilia.

"Obonyo. Obonyo, baba wa ng'ombe wengi."

Alilia zaidi.

"Huyo hata mimi sikumtaka," Dani akamwambia mume wangu pembeni. "Alikuwa mchoyo. Lakini ukimwacha atasema umemsahau."

Aliendelea. Wengine aliwataja na tabia zao: aliyekuwa mwindaji wa viboko, aliyekuwa akicheka kanisani, aliyekufa kijana. Mimi niliketi kwenye mkeka nikiwaona wakija mmoja mmoja kutoka upande wa maji, wanainama, wanamtazama mtoto, wanatikisa kichwa, wanakwenda. Sijui kama nilisinzia. Bega la Dani lilichoka, akamhamishia la kulia.

"Oloo," akanong'ona.

Otieno akanyamaza. Aligeuza uso, akamtazama Dani mdomoni, machozi yakiwa yamesimama.

"Oloo?" akarudia. Mtoto akaweka kichwa chini.

Dani alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Takawiri. Mume wangu aliketi chini ghafla, mikono usoni. Oloo alikuwa babu yake, aliyemlea. Kuku akachinjwa. Tukamwita mtoto Otieno Oloo, na sote tukaenda kulala mapema kama watu waliotoka safari ndefu.

Aliamka usiku kucha.

Asubuhi Dani hakuwa na furaha. Aliosha vyombo kwa nguvu. "Labda Oloo amekuja na mwenzake," akasema. "Leo tunaita tena." Nilimwona mume wangu akimtazama mtoto kama unavyomtazama mtu aliyekuahidi kitu.

Na hapa ndipo tabia yangu, ambayo imenisumbua tangu utotoni, ilipofanya kazi moja nzuri. Siwezi kuacha jambo. Nililirudia lile tukio kichwani wakati wa chai, wakati wa kuteka maji, wakati wa kumnawisha. Kwa nini Oloo? Nililitazama kila upande. Kilichobadilika ni jina. Kilichobadilika pia ni bega.

"Mama," nikamwambia Dani, "naomba uite tena. Lakini safari hii Oloo muite kwa bega la kushoto."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona."

Alisimama wima. "Wafu hawafanyiwi mtihani, Boke. Hapa si chuo."

"Basi niite mimi. Mimi si wa ukoo. Nikikosea hawatajali."

Alirudi kuosha vyombo vyake. Nilimchukua Otieno, ambaye alikuwa ameanza kulia kwa sababu nilikuwa nimemlaza, nikamweka bega la kushoto. Nikanong'ona, "Oloo." Alilia. Nikaita tena, polepole, jina la mtu ambaye sikumjua. Alilia. Nikamhamisha bega la kulia, upande ambao sikio lake la kulia lilikuwa karibu na mdomo wangu. Nilitafuta neno lolote. Mbele yangu Dani alikuwa ameshika chombo.

"Sufuria," nikanong'ona.

Otieno akanyamaza. Akageuza uso akanitazama mdomoni, machozi yamesimama, vilevile.

Kisha Dani akaanza kutikisika mabega. "Basi tumemkosea," akasema. "Ukoo wetu una marehemu anaitwa Sufuria, na hatukumchinjia kuku!" Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilicheka nami, tukacheka wote watatu, na katikati ya kicheko nikamwona Dani akikoma. Aliiweka ile sufuria chini. Alipita nyuma ya mtoto, upande wa kushoto, akapiga makofi mepesi, mara moja, karibu na sikio.

Mtoto hakushtuka.

"Hasikii," Dani akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto wetu hasikii upande huu."

Sitaki kuandika mengi juu ya dakika zile. Nilikumbuka mlango aliogonga, jikoni nilikomwita, maneno machache. Nilikumbuka kwamba alilala nilipombeba wima na alilia nilipomlaza. Kila kitu kilikuwa mbele yangu. Ningeendelea kukumbuka hadi leo kama Dani hangenirushia leso. "Funga mtoto. Hospitali inafungua mapema. Kulia utalia njiani."

Hospitali tuliyokwenda Homa Bay ilikuwa na ukumbi mrefu wa kungojea, madawati ya mbao yaliyong'arishwa na watu. Kulinuka dawa ya kusafishia sakafu na maziwa ya mama. Nilisoma matangazo yote ukutani. Nilipoyamaliza nikayasoma tena, yale ya chanjo, ya kuchemsha maji, ya kutotema mate. Mama aliyeketi kando yangu alitoka Takawiri na binti yake mwenye mkono uliofungwa bandeji. Alinitazama muda.

"Wewe umesoma sana, siyo?"

"Kidogo. Umejuaje?"

"Unasoma ukuta mara ya nne. Sasa ukuta nao umeanza kukusoma." Akanyoosha mikono. "Leta huyo. Lala hapo begani kwangu. Wakikuita nitakuamsha."

"Wakiniita na sijasikia?"

"Mimi nauza samaki, dada. Nikiita, hata aliye Mfangano anageuka."

Nililala. Kwenye dawati gumu, kwenye bega la mtu nisiyemjua, nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeuonja tangu miche inatolewa kitaluni. Niliota niko ndani ya ziwa na si baridi, na majina yote yanapita juu yangu kama samaki, matumbo yao yanang'aa, hayanidai kitu. Niliamshwa na mama yule. Bega lake lilikuwa limelowa, na nilidhani ni mate yangu. Haikuwa hivyo. Otieno alikuwa amelala kifuani kwake, kichwa kimeelekea upande wa kushoto, na kutoka sikioni kulikuwa kumetoka usaha, wa njano, umeshuka hadi kwenye blauzi ya mama wa watu.

Nilivuta ncha ya leso nimpanguse.

"Wacha," akasema. "Afadhali itoke. Tazama anavyolala." Na kweli alikuwa amelala, amelegea kabisa, mdomo wazi, bila mtu kutembea naye.

Daktari alikuwa kijana, labda wa umri wangu. Alimulika sikio moja, akamulika la pili, akarudi la kwanza. Alisema masikio yote mawili yalikuwa na ugonjwa, la kushoto zaidi, na kwamba maumivu yake huzidi mtoto akilala chali. Ngozi ya ndani ilikuwa imetoboka ndipo usaha ukatoka. Niliuliza kama itaziba. Akasema mara nyingi huziba. Niliuliza mara nyingi ni mara ngapi. Niliuliza kama atasikia, kama atasema, kama ni maji ya kuoga, kama ni mimi.

"Mama Otieno," akasema, akiweka kalamu chini, "umeuliza maswali yote. Mengine hata sikufundishwa. Si wewe. Na kusikia, tutajua baadaye. Sasa nikuonyeshe kazi."

Kazi ilikuwa hii. Unachukua kipande cha kitambaa cha pamba, safi, laini, unakisokota kiwe kama utambi wa taa. Unakiingiza sikioni taratibu, unakiacha kinywe, unakitoa kimelowa, unaingiza kingine, hadi kitoke kikavu. Asubuhi, mchana, jioni. Hakuna maji, hakuna mafuta, hakuna majani yaliyokamuliwa. Na dawa ya kunywa, imalizike hata akipona. Kisha urudi.

Hicho kikawa kipindi cha kitambaa. Kilianza moshi wa kukaushia tumbaku ulipokuwa ukitanda jioni mashambani, na kikaendelea hadi mabanda yakawa matupu. Tulichana shati jeupe la Baba Otieno, la harusi, kwa sababu ndilo lililokuwa pamba tupu. Nilidhani atasikitika. Alilichana mwenyewe. Aligundua kwamba vidole vyake, vilivyozoea kufunga majani, vinasokota tambi nyembamba na ngumu kuliko vyangu, na kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki aliketi mlangoni akasokota za siku nzima, akazipanga kwenye sahani. Hatukuwahi kupatana kwa maneno. Tulipatana kwa sahani hiyo. Mimi nilishika kichwa, yeye akaingiza, na Otieno alituimbia matusi ya kitoto tusiyoyaelewa.

Usingizi ulirudi kwa vipande. Kwanza alilala hadi jogoo. Mara ya kwanza alipolala usiku mzima niliamka nikiwa na hakika amekufa, nikaweka mkono puani mwake, nikamwamsha. Mume wangu alijifunika shuka hadi juu na nikaona shuka likitikisika.

Lakini kusikia hakukurudi pamoja na usingizi. Sikio lilikauka, mafua yakaja, likalowa tena, tukaanza upya. Tulirudi Homa Bay. Daktari alisimama nyuma ya mtoto akatikisa funguo. Upande wa kulia, aligeuka. Upande wa kushoto, aliendelea kuchezea kiatu chake. "Tumpe muda," akasema. Ni neno gumu kumpa mtu kama mimi. Nilianza kumpima nyumbani kwa siri. Niliangusha vijiko. Nilikunja magazeti nyuma ya kichwa chake. Niliita kutoka nyuma ya mlango, kutoka chini ya dirisha. Mama Akinyi aliniuliza kwa nini siku hizi natambaa. Baba Otieno akirudi jioni aliuliza, "Leo umevunja nini?"

Dani alikuja Suna kumwona. Alimwita Oloo bila kusitasita, na sisi pia tuliliacha jina likae. Nilimuuliza, kwa adabu, kama bado anaamini ni Oloo aliyemliza. Alifikiri huku akimenya ndizi.

"Uliza hivi," akasema. "Nani alituleta wote chini ya ukuta ule tukamwita masikioni, mmoja mmoja, mpaka tukajua? Dawa ni ya daktari, sikatai. Lakini njia tulionyeshwa." Akampa mtoto ndizi. "Na Sufuria naye, tumshukuru."

Nikuambie tu nilichonacho. Mtoto anayelala mgongoni na kulia akilazwa, mpeleke akatazamwe masikio, hata kama hayatoi kitu, hata kama mwenyewe hayashikishiki. Ukiambiwa ni malaria na usingizi haurudi, rudi wewe. Mwache mtu akubebee mtoto, hata mgeni. Mama yule wa Takawiri sikumuuliza jina, na kila nimwonapo mwanamke mwenye karai la samaki natazama blauzi yake.

Wakulima walikuwa wamekwisha kuuza tumbaku na mashamba yalikuwa matupu, rangi ya mkate. Ilikuwa Jumamosi, Sabato yetu, tumetoka kanisani, tumekula. Baba Otieno alikuwa amelala kwenye kiti na viatu. Otieno alikuwa kitandani, amelalia upande wa kulia, sikio zuri limezama kabisa kwenye mto, na la kushoto limeangalia juu, dogo, kavu, jua la dirishani likipita ndani ya ngozi yake hata likawa jekundu kama ua. Nilisimama upande wa pili wa pazia. Nilijiambia nisimpime leo. Nilijiambia ni siku ya kupumzika. Nilikaa na wazo hilo kwa uaminifu wote, kisha nikanong'ona, chini kuliko nilivyowahi kunong'ona:

"Oloo."

Hakukuwa na kitu. Inzi alitembea kwenye pazia. Niligeuka niende.

Shuka likasogea. Hakuinua kichwa. Alifungua jicho moja, akalielekeza pale pazia lilipokuwa, akiwa na hasira ya mtu aliyefanya kazi usiku.

"Mama," akasema, "lala."

Nikalala.